Kutoka Mombasa hadi Svalbard: Mwongozo Kamili wa Safari ya Redio ya Ridhaa Kwenye Kisiwa cha Aktiki

Safari ya redio ya ridhaa, yaani kwenda kisiwa cha Aktiki na kuwasiliana na vituo vya dunia kwa redio zenu wenyewe, hushindwa au hufaulu kabla hamjaondoka Mombasa. Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard vya Norwe, kuna maduka ya chakula na nguo, lakini huwezi kuingia dukani ukaomba kiungio cha antena au fyuzi ya redio. Kila ulichokisahau kimebaki nyumbani, zaidi ya kilomita 9,000 nyuma yako. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi ya maandalizi hapa pwani. Siku za kisiwani nitazieleza kwa kifupi, kwa sababu mkijiandaa vizuri siku hizo huwa rahisi.

Nawaandikia wenye leseni tayari, watu wa 5Z4, mwanzo wa ishara za mwito za Kenya, waliozoea kuitwa na Ulaya nzima wakitoa CQ, yaani mwito kwa kituo chochote, kutoka Nyali au Likoni. Ukiwa Kenya tayari wewe ni kituo kinachotafutwa, na uzoefu huo wa kuitwa na vituo hamsini kwa pamoja ni mtaji mkubwa.

Chagua kisiwa mnachokiweza

Visiwa vitatu hutajwa sana katika eneo hilo la Norwe. Cha kwanza ni Spitsbergen, kisiwa kikuu cha Svalbard. Mji wake ni Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, una watu wapatao 2,500, na ndege za abiria huenda huko kutoka Oslo na Tromsø. Cha pili ni Bjørnøya, kati ya Spitsbergen na Norwe bara: hakina uwanja wa ndege wa abiria, wakazi wake ni wafanyakazi wachache wa kituo cha hali ya hewa, na karibu kisiwa chote ni hifadhi tangu 2002. Cha tatu ni Jan Mayen, chenye volkano ya Beerenberg yenye urefu wa mita 2,277, ambako hufiki bila kibali na usafiri wa kupangwa mahsusi.

Ushauri wangu ni Spitsbergen. Kwenye mpango wa IOTA, ulioanzishwa 1964 wa kuwasiliana na visiwa kwa redio, namba yake ni EU-026, na kwenye DXCC, orodha ya nchi na maeneo ambayo wanaredio huyahesabu, Svalbard inahesabiwa peke yake, mbali na Norwe, kwa ishara ya mwito inayoanza na JW. Bjørnøya ni EU-027 na ni adimu zaidi, lakini kundi lisilowahi kukaa kwenye baridi lisianzie mahali ambapo chombo cha kuwatoa hutegemea hali ya bahari.

Jambo la pesa liwe wazi mapema. Svalbard si miongoni mwa maeneo yanayotafutwa zaidi duniani, kwa hiyo msitegemee mashirika yanayofadhili safari adimu. Mtachanga wenyewe. Tengeni robo ya bajeti isiyoguswa kwa ajili ya ndege iliyoahirishwa na usiku wa ziada Oslo.

Chagua msimu

Longyearbyen jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na halizami tangu takriban Aprili 20 hadi Agosti 22 au 23. Hilo ndilo linaloamua bendi zenu, yaani mafungu ya masafa yanayotajwa kwa urefu wa wimbi. Kwenye giza la baridi, bendi za chini, mita 80 na 160, zinaweza kufanya kazi hata mchana. Wakati wa jua lisilozama bendi hizo karibu zinakufa, lakini mita 20 inaweza kubaki wazi saa ishirini na nne.

Kwa watu wa Mombasa napendekeza mwisho wa Julai. Joto huwa nyuzi 5 hadi 7 hivi, baridi ambayo mtu wa pwani anaivumilia akivaa vizuri. Tena mashindano ya IOTA hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Julai, tangu 12:00 UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu) Jumamosi hadi 12:00 UTC Jumapili. Saa hizo ulimwengu mzima unatafuta visiwa, na hata kituo kidogo kinapata watu wengi.

Machi kuna mvuto wake, maana mawasiliano ya kwenda kusini huwa mazuri karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana. Lakini Machi ni baridi kali chini ya sifuri na theluji kila mahali. Iacheni kwa safari ya pili.

Karatasi: zianze miezi tisa kabla

Leseni kwanza. Wageni kutoka nchi zilizo kwenye makubaliano ya CEPT, umoja wa mamlaka za mawasiliano za Ulaya, huenda Svalbard na kutumia JW/ ikifuatiwa na ishara yao ya nyumbani, bila kuomba chochote. Usichukulie kwamba leseni ya Kenya inakupa haki hiyo. Iandikie Nkom, mamlaka ya mawasiliano ya Norwe, ukiambatanisha nakala ya leseni yako kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pasipoti, tarehe, mahali, bendi na nguvu mtakazotumia. Majibu yawe kwa maandishi, nayo yachapishwe na kubebwa mkononi. Andikieni pia NRRL, chama cha wanaredio wa Norwe. Longyearbyen kuna kituo cha klabu, JW5E, na wageni wamekuwa wakikitumia kwa mpango na wenyeji. Kwa kundi la mara ya kwanza hilo ni jambo la kuomba mapema na kwa heshima, maana lina antena tayari, umeme na paa.

Kisha viza, na hapa wengi hujikwaa. Svalbard yenyewe haidai viza. Lakini njia yako inapita Oslo, kwa hiyo Mkenya anahitaji viza ya Schengen, na Svalbard iko nje ya eneo la Schengen. Ukipanda ndege Oslo kwenda Longyearbyen umetoka, ukirudi unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukwama kisiwani. Ombeni viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na barua ya maombi ieleze wazi kwa nini. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Mtalazimika kupanda Nairobi kwa alama za vidole. Chukueni miadi ya siku moja wote, mteremke Miritini mkapande treni pamoja, na nyaraka za kundi zifanane neno kwa neno.

Tatu ni Gavana wa Svalbard, ambaye kwa Kinorwe anaitwa Sysselmester. Mkibaki mjini, hamna haja naye. Mkitaka kutoka nje ya eneo linalozunguka makazi, kuna wajibu wa kumwarifu na kuwa na bima ya utafutaji na uokoaji. Kuna pia sheria za mazingira zinazomgusa moja kwa moja mtu wa antena. Masalia yoyote ya binadamu ya kabla ya 1946 yanalindwa pamoja na mita 100 kuyazunguka, hata kama ni ubao uliooza au mabaki ya kibanda, kwa hiyo usifunge kamba ya mlingoti kwenye gogo la zamani ufukweni. Tangu Januari 2025, kwenye maeneo ya hifadhi mnaruhusiwa kushuka nchi kavu mahali 43 tu palipotajwa. Na kama mtafika Ny-Ålesund, zimeni WiFi na Bluetooth kwenye simu na kompyuta, kwa sababu masafa ya GHz 2 hadi 32 yanalindwa kilomita 20 kuuzunguka mji huo wa watafiti.

Mwisho wa karatasi ni forodha. Andikeni orodha ya kila kifaa na namba yake, mwende nayo kwa forodha kabla ya siku ya safari ili ithibitishwe. Bila hiyo, mkirudi mnaweza kutakiwa kulipia ushuru redio zenu wenyewe.

Kundi

Watu wanne wanatosha. Awepo mmoja wa vifaa na umeme, mmoja wa karatasi na pesa, na wote wanne wajue kuendesha redio. Angalau wawili wajue Morse vizuri, kwa sababu ishara dhaifu inayopita kwenye aurora, mianga ya angani ya kaskazini, mara nyingi husikika kwa Morse pale sauti inapogeuka mkoromo. Mtu wa tano abaki Mombasa: apokee daftari la mawasiliano kila siku, aangalie taarifa za jua, na azungumze na familia.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haigusi. Jua lisipozama, Maghrib ni saa ngapi? Walio Waislamu katika kundi wamuulize sheikh wao kabla ya kuondoka kama watafuata ratiba ya Makka au ya mji wa karibu wenye usiku na mchana, na zamu za redio zipangwe kwa ratiba hiyo. Kibla kutoka Longyearbyen ni takriban digrii 153. Mombasa ni takriban 156. Mkiielekeza antena nyumbani, karibu mmeielekeza Makka. Tumieni GPS na ramani kupata mwelekeo, kwa kuwa karibu na ncha ya sumaku dira ya kawaida haiaminiki sana.

Vifaa

Redio mbili, si moja. Ikiwezekana moja iwe ya wati 100 na nyingine ndogo ya wati 10. Icom IC-7300, kwa mfano, ina uzito wa kilo 4.2 na inapotuma kwa nguvu zote hula ampea 21, hivyo ni redio ya mahali penye umeme wa ukutani au jenereta. Umeme wa Norwe ni volti 230, karibu sawa na wetu, ila soketi ni za matundu mawili ya duara. Bebeni viunganishi vingi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Hesabu ya betri ifanyeni kwa karatasi. Redio ya wati 10 hula takriban ampea 2 ikituma na nusu ampea ikisikiliza. Ukituma theluthi moja ya muda, wastani ni ampea 1. Betri ya Ah (saa-ampea) 7.5 ingekupa saa saba na nusu kwenye joto la Mombasa. Kwenye baridi panga nusu yake, ubaki na akiba. Betri hiyo ya lithiamu ya volti 12.8 ina Wh (saa-wati) 96, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachoruhusiwa kubebwa mkononi ndani ya ndege. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 haisafiri na abiria kabisa, kwa hiyo betri kubwa ya Ah 20 uliyoizoea ufukweni ibaki. Betri za lithiamu za aina hiyo (LiFePO4) zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0, maana zinaharibika ndani bila kukuonyesha dalili. Zipasheni joto kwanza. Jenereta iliyowahi kutiwa petroli haiingii kwenye ndege; kodini huko huko.

Antena iwe ya wima, karibu na maji kadiri iwezekanavyo. Maji ya chumvi huakisi mawimbi vizuri na kuyatoa chini karibu na upeo wa macho, jambo linalohitajika kufika mbali. Chukua nguzo ya fibaglasi inayoingiana, ya mita 10, na waya. Kupata urefu wa robo ya wimbi, gawanya 71.3 kwa masafa ya MHz: kwa 14.1 utapata mita 5.06, kwa 21.2 mita 3.36, kwa 10.12 mita 7.05. Kata mrefu kidogo, upunguze baada ya kupima. Waya mbili za urefu huo huo ziinuliwe juu ya ardhi kila upande, zitoshe kama waya za ardhi.

Usitegemee vigingi. Ardhi ya Svalbard imeganda mwaka mzima chini ya tabaka jembamba la juu. Bebeni magunia matupu ya mchele: yajazeni kokoto pale mnaporuhusiwa, yafunge kamba, kisha siku ya kuondoka rudisheni kokoto zilipotoka.

Waya wenye ganda la PVC hukakamaa kwenye baridi kali na unaweza kupasuka. Wenye ganda la silikoni hubaki laini. Gundi ya utepe wa umeme hushindwa kushika, kwa hiyo beba kamba nyembamba na vifungo vya plastiki vinavyostahimili baridi.

Nguo zitafuteni Kongowea. Kwenye mitumba kuna jaketi za theluji na suruali za kuzuia upepo ambazo wanunuzi wengi hapa wanazipita. Ndani vaeni sufu. Pamba ikilowa jasho inakuganda mwilini. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja ili soksi mbili ziingie, na glavu ziwe jozi mbili: nyembamba ya kubonyezea vitufe, na nene ya kuvaa juu yake.

Mazoezi ya pwani

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Pangeni mazoezi mawili.

La kwanza ni Wasini wakati wa kusi, Mei au Juni. Panda mashua Shimoni, mkiwa mmeomba ruhusa kwa wazee wa kijiji na kamati ya ufuo, na mmehakikisha masharti ya leseni zenu yanaruhusu kurusha nje ya anwani ya nyumbani. Bebeni mizigo ile ile mtakayopanda nayo ndege: begi la kilo 23 kila mtu, halizidi gramu. Simamisha mlingoti kwenye upepo mkali mkiwa mmevaa glavu nene. Glavu hizo, hapa kwetu kwenye jua, zitawafanya mtokwe na jasho na mkasirike, na ndiyo maana zinafaa: mtajua mara moja ni fundo gani halifungiki na skrubu gani ni ndogo mno. Kilichoshindikana mkiwa na glavu, kibadilisheni. Fanyeni saa ishirini na nne mfululizo kwa zamu. Jifunzeni pia kupanga antena kwa maji: bamvua la kwetu linasogeza ufuo mbali, na antena iliyokuwa ukingoni alfajiri inajikuta adhuhuri katikati ya matope. Svalbard kujaa na kupwa ni kudogo zaidi, hivyo mkiliweza la Wasini mmelivuka.

La pili ni baridi. Zungumza na mwenye chumba cha kugandishia samaki hapa mjini. Vyumba hivyo huwekwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Omba nafasi ya usiku mmoja wa redio, betri, kompyuta na nyaya, ndani ya mifuko safi isiyoshika harufu. Asubuhi washa kila kitu pale pale ndani. Tazama skrini inavyochelewa, pima betri imebaki na nini, pinda kila waya. Kisha toa vifaa nje, lakini vikiwa bado kwenye mifuko iliyofungwa bila hewa kupita, na usiifungue hadi vipate joto la chumba. Unyevu wa Mombasa ukikutana na redio iliyoganda, maji hutanda ndani ya bodi. Jambo hilo hilo hutokea kule mtu akiingiza redio kwenye nyumba yenye joto, kwa hiyo zoeeni mfuko huo tangu hapa.

Hewa ya kaskazini

Mtu wa ikweta amezoea jua lenye utaratibu: bendi hufunguka na kufungika kwa saa zinazotabirika. Karibu na ncha ya dunia utaratibu huo unavurugika. Mawimbi yenu yakielekea Ulaya au Afrika lazima yapite ukanda wa aurora, na sumaku ya dunia ikichafuka ukanda huo huyameza au kuyatikisa. Fuatilieni kipimo cha K, kinachoonyesha sumaku ya dunia imechafuka kiasi gani: kikiwa chini, kimbilieni redio, kikipanda hadi 5 au zaidi, tegemeeni Morse.

Lipo tatizo kubwa kuliko hilo. Jua likirusha protoni kwa wingi, anga ya juu ya eneo zima la ncha hufunikwa na ufyonzaji wa mawimbi unaoweza kudumu siku kadhaa, na huwa mkali zaidi jua likiwa juu, kama ilivyo Julai saa zote. Redio itakuwa nzima, antena nzima, na hamtamsikia mtu. Wajulishe wanaowasubiri, laleni, mjaribu tena kila baada ya saa chache. Kundi lenye siku tano tu linaweza kuzipoteza zote kwa dhoruba moja, na kwa sababu hiyo nashauri angalau siku kumi kisiwani.

Mkiwa kisiwani

Dubu weupe si hadithi. Nje ya makazi sheria inataka uwe na njia ya kumfukuza dubu, na silaha inashauriwa. Kukodi bunduki kunahitaji kibali cha Gavana, na wengi wetu hatujawahi kuishika. Kodini kiongozi wa huko mwenye silaha na ujuzi, au rusheni kutoka ndani ya mji. Tangu 2025 hairuhusiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na tangu Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Kambini, mmoja akivaa vipokea sauti mwingine awe macho nje, kwa sababu aliyeko kwenye redio hasikii kitu.

Saa zote ziwe za UTC: kwenye daftari, kwenye zamu, kwenye ahadi na watu wa nyumbani. Saa moja asubuhi ya Mombasa ni 04:00 UTC, na wakati huo Longyearbyen ya kiangazi ni 06:00. FT8, njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, hutuma kwa vipindi vya sekunde 15, hivyo saa ya kompyuta iwekwe sawa kwa GPS pale ambapo intaneti haipo.

Vituo vikirundikana, tuma kwenye masafa yako na usikilize juu yake, kilohezi 5 hadi 10 kwa sauti. Ukisikia nusu ya ishara, rudia nusu hiyo hiyo na usimjibu mwingine hadi umalize naye. Taja ishara yenu kila baada ya mawasiliano machache. Zamu ziwe za saa nne na aliyepumzika afunike macho kwa kitambaa, kwa kuwa mwanga wa saa sita za usiku humdanganya mtu akadhani hajachoka.

Wekeni miadi na Mombasa kwenye mita 20 au 15, jioni ya huku. Mwambie mwenzenu aelekeze antena digrii 355, karibu kaskazini kamili. Mkiwa na shule au klabu ya vijana iliyo tayari kusikiliza, hii ndiyo saa ya kuwaita.

Baada ya safari

Nakala ya daftari iwe sehemu mbili kila usiku, mojawapo mfukoni mwa mtu. Mkirudi, pakieni mawasiliano kwenye LoTW na Club Log, tovuti za kuhifadhi na kuthibitisha mawasiliano, ndani ya wiki, kisha chapisheni kadi za QSL, za kuthibitisha mawasiliano kwa posta, na mteue mtu mmoja wa kuzijibu kwa mwaka mzima. Iandikieni Nkom na wenyeji wa Longyearbyen barua ya shukrani yenye idadi ya mawasiliano. Uwanja wa ndege wa Moi, toeni ile orodha ya forodha kabla hamjaulizwa. Nyumbani, oshini kila kiungio kilichokaa karibu na bahari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushwe, na betri zihifadhiwe zikiwa na nusu ya chaji.